Usikope karo kabla ya kuhesabu saa zako

SWALI: Mwalimu, salamu. Nimeajiriwa na kampuni inayouzia sacco programu hapa Nairobi. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa dawati la huduma kwa wateja, na sasa nina miaka mitatu nikiwa mchambuzi wa biashara, ingawa nusu ya siku bado napokea simu za wateja mfumo ukikwama. Timu yetu ina watengeneza programu saba na mpimaji mmoja. Nimeona tangazo la kozi ya siku tano katika hoteli moja Westlands, ya kujiandaa kwa cheti cha CBAP. Karo inazidi mshahara wangu wa miezi miwili. Bosi anasema kampuni haina bajeti ya mafunzo, kwa hivyo nawaza kukopa sacco. Nia yangu ni kuwa mshauri wa kujitegemea. Je, nikope? Na kama sivyo, nijiendeleze vipi? Mwenzangu ananiambia nisihangaike, akili unde itaichukua kazi hii. Mchambuzi, Donholm.

JIBU: Dada, usikope. Sababu ya kwanza wala si pesa. Ni kwamba ukimaliza kozi hiyo, mtihani wenyewe hutaruhusiwa kuufanya.

CBAP hutolewa na IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iliyoanzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2003. Anayekitaka cheti hicho huonyesha saa 7,500 za kazi ya uchambuzi alizofanya katika miaka 10 iliyotangulia. Taasisi imeigawa kazi yetu katika nyanja sita, nawe unatakiwa uwe na angalau saa 900 katika kila moja ya nyanja nne kati ya hizo. Kisha kuna saa 35 za mafunzo na watu wawili wa kukushuhudia.

Tuhesabu zako. Mtu wa saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, ukiondoa likizo na sikukuu, hufikisha kama saa 1,900 kwa mwaka. Nusu ya siku yako huliwa na simu za wateja, kwa hivyo zinabaki 950. Mara tatu ni 2,850. Ile miaka miwili ya dawati haiingii, labda pale ambapo kweli ulikusanya mahitaji, yaani mambo ambayo watumiaji wanataka mfumo uwafanyie, ukayaandika. Hata CCBA, cheti kilicho chini ya CBAP, kinadai saa 3,750 katika miaka saba, na hapo umepungukiwa kama mwaka mmoja hivi. Kilichobaki ni ECBA, ambacho hakidai uzoefu wowote, na kwa mtu aliye kazini miaka mitatu sioni kitakuongezea nini. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo yasome kwenye tovuti ya IIBA wenyewe, usitegemee brosha ya waandaaji wala maneno yangu.

Waandaaji hawajakudanganya. Wao wanauza darasa, taasisi ndiyo inayouza mtihani, na ada ya mtihani hulipwa kando, kwa dola. Cheti utakachopewa hotelini siku ya tano, pamoja na picha ya pamoja, ni cha kuhudhuria. Nimekutana na vijana wengi ambao wamekibandika kwenye wasifu wao wakidhani ndicho chenyewe, na msaili anayejua tofauti hawaulizi swali la pili. Tena saa za mafunzo zinahesabiwa zikiwa za ndani ya miaka minne iliyotangulia ombi lako. Ukisoma leo na kuomba baada ya miaka mitano, karo hiyo umeitupa.

Je, vyeti havina maana? Vina maana, mahali mahususi. Kampuni ya ushauri ikiomba zabuni ya serikali au ya shirika la wafadhili, hadidu za rejea hutaja wataalamu wanaotakiwa na sifa zao, na kila sifa ina alama zake. Mchambuzi mwenye cheti kinachotambulika huongeza alama za kampuni kwenye tathmini ya kiufundi. Hapo cheti kinalipa karo yake, na mara nyingi kampuni yenyewe iko tayari kuigharamia. Kwenye benki na kampuni za programu za hapa mjini, cheti husaidia wasifu wako upite mchujo wa kwanza. Ukishaketi mbele ya wasaili, utaulizwa uliandika nini, kikajengwaje, na watu walikitumia au walikikwepa. Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi.

Kwa hivyo anza na rekodi. Fungua Excel leo, urudi nyuma mradi kwa mradi: jina la mradi, tarehe, ulifanya nini, saa ngapi, nani anaweza kuthibitisha. Taasisi itakudai hesabu hiyo siku moja, na kuikumbuka baada ya miaka sita ni mateso, maana mameneja wameshahama na barua pepe za kazini zimeshafungwa. Zigawe saa hizo kwa zile nyanja sita: kupanga kazi ya uchambuzi, kukusanya taarifa kwa wadau, kuyatunza mahitaji yanapobadilika, uchambuzi wa mkakati, kuyachanganua mahitaji na kuelekeza usanifu, na kutathmini suluhisho likiwa tayari linatumika. Nabashiri utakachokiona. Safu ya pili na ya tano zitajaa. Ya mkakati itakuwa na chembe. Ya mwisho itakuwa tupu.

Safu hiyo tupu ndiyo kozi yako ya mwaka huu. Wachambuzi wengi wa Nairobi huandika waraka, wakaukabidhi, wakahudhuria uzinduzi wenye keki, kisha wakahamishiwa mradi mwingine. Hawajui walichoandika kilikuja kuwafanyia nini watu. Mtu aina hiyo anaweza kukaa kazini miaka 10 akabaki na ujuzi wa mwaka wa kwanza. Wewe unao upenyo ambao hujauona: hizo simu za wateja unazozilalamikia. Unaandika hitaji asubuhi, mchana unapigiwa simu na keshia ambaye limemkwaza. Wachambuzi wa kampuni kubwa hulipia utafiti wapate nusu ya hiyo. Acha kuzijibu simu hizo kama kero. Kila moja iandikie mstari: ni hitaji gani lililoizaa, nani aliliandika, lini.

Halafu omba siku mbili za kukaa nyuma ya kaunta ya sacco mojawapo mnayoihudumia, mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Usiende na dodoso. Kaa karibu na keshia, nyamaza, utazame mikono yake. Mapema au baadaye mkono utashuka chini ya kaunta utoke na daftari. Wakati mwingine ni karatasi iliyobandikwa ukingoni mwa kompyuta, au kundi la WhatsApp la keshia na mhasibu, lakini mara nyingi ni daftari la mistari la kurasa 96. Katika sacco moja ya wafanyakazi nililiona limechorwa safu nne kwa rula: jina, kiasi, msimbo wa M-Pesa, na safu nyembamba ya alama nyekundu. Yalikuwa malipo ya wanachama waliotuma pesa kwenye paybill, namba ya malipo ya sacco, wakakosea namba ya uanachama. Mfumo haukuwa na mahali pa kuziweka pesa zisizo na mwenyewe, kwa hivyo keshia alikuwa akiziandika, anapiga simu moja moja jioni, na akimpata mwenye pesa anatia alama nyekundu.

Daftari hilo ni waraka bora wa mahitaji kuliko ule wa kurasa 80 uliotiwa sahihi na mkurugenzi. Usimwambie keshia aliache, wala usimshtaki kwa meneja wake. Muombe akueleze ukurasa mmoja, mstari kwa mstari. Hesabu mistari ya mwezi mzima, uandike idadi hiyo mahali salama. Kisha nenda ukaandike hitaji, lijengwe, na baada ya miezi mitatu rudi uhesabu tena. Mistari ikipungua, unayo tathmini ya suluhisho yenye namba, na safu yako ya sita imeanza kujaa. Isipopungua, una jambo la maana zaidi la kuchunguza.

Sasa kuandika kwenyewe. Nikuchukulie hitaji ambalo bila shaka limepita mezani pako kwa umbo moja au jingine: "Mfumo umwezeshe mwanachama kuomba mkopo wa dharura kwa simu na kulipwa papo hapo." Linasomeka vizuri, bosi atalipenda, na kwa mtengeneza programu halina kitu. Anza kuliuliza. Mdhamini ametumiwa ujumbe na simu yake imezimwa. Ombi lisubiri saa ngapi kabla ya kufa? Mdhamini huyo ameshadhamini watu wengine watatu. Akiba yake iliyobaki huru ni kiasi gani, na nani anaihesabu? Waombaji wawili wakimchagua yeye kwa dakika ileile, akiba ni ya nani? Akikubali saa nne asubuhi akajuta saa tano, kabla mkopo haujatoka, ana njia ya kujitoa? Sheria ndogo za sacco hiyo zinasemaje? Omba nakala yake, maana mara nyingi unaowahoji wenyewe hawajazisoma kitambo.

Ukifika kwenye neno "papo hapo" ndipo pana moto. Pesa zitatoka kupitia Daraja, lango la M-Pesa kwa watengeneza programu. Mfumo wenu unapotuma ombi la kumlipa mtu, jibu la kwanza linalorudi linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe hufika baadaye, kwenye anwani mliyoitoa kwa ajili ya matokeo. Ombi likikwama kwenye foleni, taarifa huenda kwenye anwani ya pili. Na kuna nyakati ambapo haifiki popote, kwa sababu seva yenu ndiyo iliyokuwa imelala. Katika dakika hizo, mkopo umelipwa au haujalipwa? Hakuna anayejua. Lakini afisa wa mikopo ana mwanachama mbele yake aliye na mgonjwa hospitalini, na kwenye skrini kuna kitufe kimeandikwa "Lipa tena". Atakibonyeza, na mkopo huenda ukalipwa mara mbili. Nawe ungekuwa yeye ungekibonyeza.

Mchambuzi anayeujua mtiririko huo ataandika hivi: "Ikiwa ombi la malipo limetumwa na jibu la mwisho halijapokelewa, mkopo uonekane 'Unasubiri uthibitisho', kitufe cha kulipa kizimwe, na mfumo uulize kwanza hali ya muamala huo. Malipo ya pili yasiwezekane hadi irekodiwe kwamba ya kwanza hayakufanikiwa." Sentensi mbili. Mpimaji anaweza kuzipima, mtengeneza programu hawezi kuzisoma vingine, na meneja wa sacco anazielewa bila mkalimani. Vivyo hivyo kwa pesa zinazoingia: mwanachama aliyeghairi mwenyewe kwenye simu hurudisha msimbo 1032, ambaye simu yake haikupatikana hurudisha 1037. Mkiwaonyesha wote wawili ujumbe uleule wa "malipo yameshindikana, jaribu tena", simu zako za mchana zitaongezeka.

Ujuzi huo hutaupata hotelini. Nyaraka za Daraja ziko wazi kwenye tovuti yao, na watu saba unaokaa nao ofisi moja wanazijua. Mtafute mmoja mwenye subira, umnunulie chai, akuonyeshe muamala mmoja tangu mwanzo hadi mwisho kwenye kumbukumbu za mfumo. Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji kujua mahali ambapo mambo hukatika.

Kitu kimoja cha kiufundi nitakachosisitiza ni SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Jifunze kuiuliza hifadhidata maswali mwenyewe. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ni ya bure, inaingia kwenye kompyuta yako ya kawaida, na jioni za wiki chache zinatosha kufika mahali pa kufaa. Lenga swali moja la kweli: nipe malipo yote ya mwezi huu ambayo namba yake ya uanachama haimo kwenye orodha ya wanachama. Ukiweza kulijibu hilo peke yako, siku ya kikao huna haja ya kusema "wateja wanalalamika". Unaweka idadi na kiasi mezani, na mabishano yanafupika. Lakini usijifunzie kwenye data halisi. Omba nakala ambayo majina, namba za kitambulisho na za simu zimebadilishwa.

Hilo linanileta kwenye sheria, uwanja ambao wachambuzi wetu wameuachia mawakili bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka faragha ijengwe ndani ya mfumo tangu usanifu, na anayesanifu ni wewe na timu yako. Data ikivuja, kamishna wa ulinzi wa data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Basi unapoandika "fomu ichukue nakala ya kitambulisho na namba za ndugu wawili", jiulize ndugu hao wameridhia saa ngapi, namba zao zitafutwa lini, na nani ataziona. Isome sheria hiyo pamoja na ile ya sacco ya 2008 na kanuni zinazosimamiwa na SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ni kavu, sikatai. Lakini mchambuzi anayeweza kusema kwenye kikao "hili kanuni haituruhusu", akataja na kifungu, haulizwi cheti.

Kuhusu timu yenu. Umeuliza habari za kujiendeleza wewe, ila kwa kazi yetu mtu hajiendelezi peke yake akiwa na wenzake wanane wanaoendelea kama jana. Pendekeza saa moja kila mwezi. Mlete kosa moja lililomfikia mteja, mlifuate kinyumenyume: kwenye upimaji lilipitaje, kwenye programu liliingiaje, kwenye hitaji neno gani lilikuwa legelege. Anza na hitaji lako mwenyewe, ili wenzako waone kwamba si kikao cha kutafutana. Mpe mpimaji nafasi ya kwanza kusema. Katika timu nyingi mpimaji huona udhaifu wa mahitaji wiki mbili kabla ya wengine, na hakuna anayemuuliza.

Kama mnafuata Scrum, ule utaratibu wa timu kujenga programu kwa awamu fupi fupi, au mnasema mnaifuata, someni mwongozo wenyewe badala ya slaidi za mtu. Toleo la 2020 ni kurasa chache na halilipiwi. Utagundua mchambuzi wa biashara hatajwi: kuna mwenye bidhaa, kuna Scrum Master na kuna wajenzi, basi. Watu hushtuka wakaanza kutafuta cheo kipya. Kazi ya kuelewa tatizo na kulieleza kwa namna inayojengeka haijaondolewa, imekosa tu jina lake mle, na katika timu yenu anayeifanya ni wewe. Ukitaka cheti cha umiliki wa bidhaa baadaye, vipo vya bei nafuu kuliko hicho cha Westlands, na havidai saa.

Mwenzako na akili unde: mashine hizo zinaandika kumbukumbu za kikao vizuri, na rasimu ya mahitaji zinaitoa kwa dakika. Zitumie. Zipe hitaji lako uziambie zitafute mianya, utashangaa. Zisichoweza ni kuliona daftari lililo chini ya kaunta, kwa sababu hakuna aliyeziambia lipo. Mchambuzi ambaye kazi yake ilikuwa kunakili maneno ya meneja na kuyapanga kwa vichwa vya habari, huyo mwenzako amesema kweli kumhusu. Na tafadhali, usibandike data ya wanachama humo.

Turudi kwa bosi wako asiye na bajeti. Waajiri nchini hulipa tozo ya mafunzo ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama wakimpeleka mfanyakazi kwa mkufunzi aliyesajiliwa, kwa utaratibu uliowekwa, idhini ikitangulia mafunzo. Kampuni nyingi ndogo hulipa tozo hiyo miaka nenda miaka rudi bila kuuliza. Muulize anayeshughulikia mishahara kama mnailipa. Ila usiende kwa bosi na tangazo la hoteli mkononi. Nenda miezi mitatu baadaye, ukiwa na hesabu ya mistari ya daftari kabla na baada, na idadi ya simu zilizopungua. Mwambie saa ngapi za kampuni umeziokoa, ndipo utaje kozi. Na wakati huo huenda utakuwa umezikaribia saa za CCBA, ambacho kinadai saa 21 tu za mafunzo.

Mwisho, ushauri wa kujitegemea. Usiache kazi bado. Soma mkataba wako wa ajira kwanza, kuna vipengele vinavyokataza kazi za pembeni au kuwahudumia wateja wa mwajiri hata baada ya kuondoka. Nyaraka za kampuni usizichukue kama sampuli za kazi yako. Tengeneza zako: chama cha mtaani kwenu, sacco ya matatu, duka la jumla la Eastleigh linalohangaika na stoku. Chagua tatizo moja, uliandike kwa kurasa tatu, na udai malipo hata yakiwa madogo, kwa makubaliano ya maandishi. Kazi ya bure haina mwisho, na mteja wa bure hubadilisha mahitaji kila Jumapili.

Kwenye makubaliano hayo kipengele cha kutolea jasho si bei. Ni hiki: kazi itahesabiwa imekamilika lini? Andika jina la atakayeikubali, siku alizonazo za kutoa maoni, na kwamba akinyamaza siku hizo zikapita, imekubaliwa. Andika pia raundi za marekebisho zilizomo ndani ya bei. Washauri wengi wa mji huu wanaolia hawajalipwa hawajaibiwa. Waliandika "hadi mteja aridhike", na mteja hajaridhika mpaka leo.

Gawanya malipo mara tatu, sehemu ya kwanza kabla ya kuanza. Jisajili mapema kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, kwa kuwa kampuni yoyote makini itakudai ankara ya huko. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo KRA haiikubali kwenye hesabu zao za kodi, kwa hivyo mhasibu wao hatakulipa kwa risiti ya kuandika kwa mkono. Mkataba wa ushauri ukifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mteja hukata asilimia 5 kama kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Usigombane naye, ndivyo sheria ilivyo, ila iweke hesabuni unapopanga bei. Anapoiwasilisha, cheti cha makato huonekana kwenye akaunti yako ya iTax. Kikague kila robo mwaka, usingoje Juni 30 ya kujaza ritani, kwa sababu bila cheti hicho makato hayo hayatatambuliwa, na kumfuata mhasibu wa mteja wa mwaka jana akutafutie ni kazi nyingine ambayo hakuna atakayekulipa.